Kabla ya Kuhesabu Makala: Namna ya Kuisoma Rekodi ya Mtafiti wa Saratani

Kazi yangu hapa Mombasa ni ukutubi wa tiba, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuwatafutia watu habari za watafiti wa saratani. Wako madaktari vijana wanaotafuta msimamizi wa shahada ya uzamili au uzamivu. Wako wajumbe wa kamati za ajira na vyeo, ambao huletewa faili nene asubuhi na kutakiwa watoe uamuzi kabla ya saa ya chakula cha mchana. Na wako jamaa za wagonjwa, walioambiwa kwamba bingwa fulani wa Nairobi, India au Uingereza ameandika sana, nao wanataka kujua kama sifa hiyo ina uzito wa kumfanya mtu auze kiwanja chake cha Kwale au aitishe harambee. Wote huanza na swali lile lile: ana makala ngapi? Ushauri wangu ni kuliacha swali hilo na kuuliza jingine, yaani ni kitu gani kingekuwa tofauti katika matibabu ya mgonjwa, au katika ufahamu wetu wa ugonjwa wenyewe, lau makala hizo zisingeandikwa. Jibu lake halipatikani pasipo kuzifungua na kuzisoma, walau ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, na ukurasa wa mwisho.

Namba hata hivyo hazikwepeki, kwa kuwa ndizo zinazotangulizwa mbele katika kila wasifu. Inayotajwa zaidi ni kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine mara 20 au zaidi. Kipimo hiki kina faida yake, kwani kinamzuia mtu kujivunia makala 200 ambazo hakuna aliyezitumia. Kasoro ni kwamba hakishuki kamwe, kwa hiyo kinampendelea mzee kuliko kijana; hakimtofautishi aliyeongoza utafiti na aliyeshiriki akiwa mmoja kati ya waandishi mia tatu; na kinaificha makala moja kubwa nyuma ya nyingi za kawaida. Mtu mwenye makala tano zilizonukuliwa mara tano tano ana h ya 5, na mwenzake mwenye makala tano ambazo moja kati yake imenukuliwa mara 10,000 na nne zilizobaki mara tano tano naye ana h ya 5 hiyo hiyo.

Katika saratani kuna jambo la ziada la kuzingatia. Uwanja huu una watafiti wengi mno duniani, na kwa hiyo kunukuliwa mara mia moja si jambo la ajabu kama lilivyo katika nyanja ndogo. Kila anayeandika makala ya saratani hupenda kufungua kwa takwimu za GLOBOCAN, yaani makadirio ya saratani duniani yanayotayarishwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) lililoko Lyon, Ufaransa; kwa Kenya, makadirio ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya takriban 42,000 na vifo takriban 27,000 kwa mwaka. Anayeandika makala ya takwimu kama hizo hunukuliwa mara maelfu kwa maelfu, si kwa sababu amegundua dawa, bali kwa sababu kila mtu anahitaji sentensi ya kufungulia. Ndiyo maana jarida linaloitwa CA: A Cancer Journal for Clinicians, linalochapisha takwimu hizo, lina kipimo cha athari kilichopita 200, ilhali majarida mengi mazuri ya saratani hayafiki hata 50. Kipimo hicho cha athari, kilichoasisiwa na Eugene Garfield, ni wastani wa nukuu za makala za jarida zima kwa miaka miwili, na hakisemi lolote kuhusu makala moja iliyomo ndani. Watafiti na wahariri waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio, linalojulikana kama DORA, la kuzitaka taasisi ziache kumpima mtu kwa hadhi ya jarida alimochapisha. Azimio hilo lina sahihi za maelfu ya taasisi. Faili ninazoletewa bado zina safu ya kipimo cha athari mbele ya kila makala.

Kwa watafiti wa Pwani, hata kabla ya kufika kwenye namba, liko tatizo la jina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona mahali lilipoelezwa vya kutosha. Wengi wetu huitwa kwa jina letu, la baba na la babu, na hatuna jina la ukoo la kudumu kwa namna ambayo mifumo ya Marekani na Ulaya inalitarajia. PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huchukua jina la mwisho na kuyafupisha yaliyotangulia yawe herufi. Tuseme mtafiti anaitwa Fatma Omar Said. Makala yake ya kwanza itamweka kama Said FO. Ya pili, ambayo mwenzake aliiwasilisha kwa haraka bila jina la baba, itamweka kama Said F. Ya tatu, jina la babu likiachwa, itamweka kama Omar F. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, kila mmoja na makala yake moja, na hakuna hata mmoja anayefaa kupandishwa cheo. Ongeza tahajia, kwa kuwa Mohamed huandikwa Mohammed na Muhammad, Said huandikwa Saeed, na Fatma hugeuka Fatuma kwa kalamu ya karani, nawe utaelewa kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka kumi na mitano huonekana mtandaoni kama mwanafunzi aliyeanza juzi.

Hasara hiyo ina upande wake wa pili. Said F na Ali M ni maelfu ya watu, kuanzia Misri hadi Indonesia, na Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma, huzikusanya makala kwa kukisia. Nimewahi kufungua wasifu wa daktari wa saratani nikakuta ndani yake makala za magonjwa ya samaki wa mabwawa na za uimara wa saruji. Mwenyewe hakuwa tapeli. Mfumo ulizibeba makala hizo na yeye hakuwahi kuingia kuzitoa. Nilipoziondoa za samaki na za saruji, h yake ilibaki chini ya nusu, na bado ilikuwa rekodi ya heshima. Kwa hiyo, unapoisoma orodha ya mtu mwenye jina letu, linganisha taasisi iliyotajwa, miaka, na majina ya anaoandika nao. Mtu haruki kutoka saratani ya umio hadi saruji na kurudi. Na kama wewe ndiye mtafiti, jiandikishe ORCID leo. Ni namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti mmoja tu, ni ya bure, na imekuwapo tangu 2012. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe hata kama jarida au mwenzako anaona nyingine ni nzuri zaidi.

Baada ya jina, tazama mahali lilipo. Katika makala za tiba, anayetajwa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu. Anayetajwa mwisho ndiye mkubwa wa kundi, aliyetafuta fedha na kulibeba jukumu. Walio katikati wametoa michango ya viwango mbalimbali. Wakati mwingine kuna alama ya nyota na maelezo chini ya ukurasa kwamba wawili wa kwanza wamechangia sawa, na alama hiyo hupotea katika orodha za mtandaoni, kwa hiyo ifungue makala yenyewe. Rekodi nzuri husogea: kijana huanza katikati, akawa wa kwanza, na baada ya miaka huanza kuonekana mwisho, huku majina mapya yakija mbele yake. Ukimwona mtu ambaye kwa miaka ishirini yuko katikati tu, usimdharau, kwani huenda ndiye mtaalamu wa takwimu au wa patholojia ambaye bila yeye makundi matano yasingefanya kazi. Lakini usimchague kuwa msimamizi wako ukitarajia kwamba ataongoza utafiti wako mwanzo hadi mwisho. Na ukimwona mkuu wa idara ambaye jina lake limo katika kila makala iliyotoka idarani, jiulize kama ametimiza masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo yanamtaka mwandishi awe amechangia kazi kwa kiasi cha maana, ameandika au kuihakiki rasimu, ameridhia nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia. Kuwa na ufunguo wa ofisi si mojawapo.

Jambo jingine huliandika pembeni mwa ripoti zangu bila kuulizwa. Damu, vipande vya uvimbe na majalada ya wagonjwa wa Afrika Mashariki vimelisha makala nyingi za saratani zilizochapishwa ng'ambo. Nikikuta mtafiti wa kigeni ambaye kwa muda mrefu ameandika juu ya wagonjwa wetu, na katika orodha yake yote hakuna makala hata moja ambayo jina la kwanza au la mwisho ni la mtu wa hapa, hilo ninalihesabu. Kijana wa Tudor au Likoni anayetaka kwenda kusoma chini ya mtu huyo anafaa kulijua mapema, kwa sababu linamwonyesha nafasi atakayopewa yeye.

Sasa tuje kwenye ushawishi wenyewe. Mfano ninaopenda kuwapa wajumbe wa kamati ni utafiti wa KEN SHE, uliofanyika Kisumu, Nairobi na Thika, ukiongozwa na Ruanne Barnabas akishirikiana na Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dozi moja tu ya chanjo ya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha saratani ya shingo ya kizazi, na wengine wakapewa chanjo ya ugonjwa mwingine kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya miezi 18, kinga ya dozi hiyo moja dhidi ya aina ya 16 na ya 18 ya kirusi hicho ilikuwa asilimia 97.5. Kenya ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019 kwa mpango wa dozi mbili, na kumrudisha msichana kituoni kwa dozi ya pili ndiyo shughuli iliyowashinda wengi. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022, na mwezi huo huo kamati ya wataalamu wa chanjo inayoishauri WHO ikasema kwamba dozi moja inaweza kutosha. Kufikia Desemba WHO ilikuwa imeliingiza jambo hilo katika msimamo wake rasmi. KEN SHE haukuwa peke yake, kwa maana kulikuwa na ushahidi wa India na Costa Rica, na ule wa utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza, jirani zetu. Lakini ulikuwa na mkono wake dhahiri katika uamuzi unaowahusu mamilioni ya wasichana.

Kinachonifurahisha katika mfano huo ni jarida. Makala ilichapishwa katika NEJM Evidence, jarida lililoanza Januari 2022, yaani lilikuwa na umri wa miezi michache na halikuwa bado na kipimo chochote cha athari. Kamati ambayo ingekaa Mei mwaka huo na kupima kwa safu ile ya namba ingeiandikia makala hiyo sifuri.

Kwa hiyo, unapotafuta ushawishi wa mtafiti wa saratani, ufuate pale maamuzi yanapofanyika. Fungua miongozo ya kitaifa ya matibabu ya saratani ambayo Wizara ya Afya ya Kenya iliitoa 2019, ile ya uchunguzi wa mapema ya 2018, na ile ya WHO, kisha utazame marejeo yaliyowekwa nyuma. Jina likiwa humo, soma limetajwa kwa ajili ya nini. Ingia katika sajili za majaribio ya kitabibu uone kama amewahi kusajili jaribio, na kama majaribio aliyoyasajili yalikamilika na matokeo yake yakatolewa, hata pale dawa iliposhindwa. Mtafiti aliyechapisha kwamba dawa aliyoitumainia haikusaidia ametufaa sisi zaidi kuliko aliyenyamaza, ingawa makala ya namna hiyo hainukuliwi sana. Zisome pia nukuu zenyewe, walau kumi za kwanza: je, wanaomnukuu wanajenga juu ya kazi yake, wanampinga, au wanamtaja tu katika msururu wa majina manane ndani ya mabano? Programu nyingi hazitofautishi. Na angalia ni wangapi kati yao ni yeye mwenyewe au wanafunzi wake.

Usimhukumu mtu kwa mapengo ya miaka. Jaribio linalopima ni wagonjwa wangapi wako hai baada ya miaka mitano linahitaji miaka mitano hiyo ipite, pamoja na ile ya kuwatafuta wagonjwa na ile ya kusubiri vibali. Daktari anayehudumia wodi nzima akiwa peke yake hataandika kama yule wa maabara mwenye wasaidizi sita. Kinyume chake, mtu aliyechukua utafiti mmoja wa wagonjwa 120 akaukatakata ukawa makala saba, kila moja ikirudia utangulizi ule ule, ana rekodi ndefu ya jambo dogo.

Watu wakiniuliza kama makala moja inaweza kumtosha mtu, huwaelekeza kwenye hospitali ya Mulago, Uganda. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji huko Kampala, wala hakuwa na maabara ya kujivunia. Mwaka 1958 alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Kiafrika, na makala hiyo mwanzoni ilipita kimya. Yeye akaendelea kutuma barua na vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wameuona uvimbe huo, na mwaka 1961 pamoja na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu takriban maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuweka alama kwenye ramani. Wataalamu wa patholojia wa Mulago walikuwa wameonyesha kwamba ugonjwa huo ni limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Mwaka huo huo wa 1961, katika mhadhara Burkitt alioutoa London, alikuwapo mtafiti aitwaye Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vipande vya uvimbe. Na mnamo 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo, ambacho sasa kinahusishwa na saratani kadhaa. Ugonjwa wenyewe bado tunao, hasa katika sehemu zenye malaria nyingi kama Pwani yetu na kando ya Ziwa Viktoria, na ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoitikia dawa vizuri mno zikigunduliwa mapema. Hesabu za kipimo chochote mwaka 1960 zisingemwonyesha Burkitt. Vikaratasi vyake vya posta havikuhesabiwa popote wakati huo, na hata leo visingehesabiwa.

Si kila ushawishi ni wa kheri, na hili wajumbe wa kamati hulisahau kabisa. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wanawake wenye saratani ya matiti, hasa Marekani, walipewa dawa za kemo kwa dozi kubwa sana na kisha kurudishiwa seli za uboho, kwa imani kwamba dozi kubwa ingeua ugonjwa wote. Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alichapisha mwaka 1995 matokeo yaliyoipamba tiba hiyo, na mwaka 1999, katika mkutano mkuu wa madaktari wa saratani wa Marekani, tafiti nyingine zilipoonyesha kwamba haisaidii kuliko tiba ya kawaida, wake ulikuwa ndio uliotoa matumaini. Wakaguzi kutoka Marekani walipokwenda Johannesburg mwanzoni mwa 2000 ili kuyaona majalada, kazi haikusimama. Bezwoda akakiri kwamba alikuwa ameyapotosha maelezo ya utafiti, chuo kikamfukuza, na jarida lililochapisha makala ya 1995 likaifuta mwaka 2001. Kabla ya hapo alikuwa na jina, alikuwa na nukuu, na alikuwa na mialiko.

Ndiyo sababu hatua ambayo siiruki kamwe ni kutafuta kama makala yoyote ya mtu imefutwa au imetolewa tahadhari. PubMed huonyesha tangazo hilo juu ya ikisiri, na Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa na walioanza mwaka 2010, wana hifadhidata inayofunguliwa bila malipo. Soma sababu iliyotolewa. Makala iliyofutwa kwa ombi la mwandishi mwenyewe baada ya kugundua kosa la maabara ni ushahidi wa uaminifu, na mimi humpa mtu huyo alama. Picha ile ile ya seli ikionekana katika makala nne chini ya maelezo manne tofauti, hilo ni jambo jingine.

Majarida ya kitapeli nayapitia kwa ufupi, kwa kuwa kila mwenye anwani ya barua pepe ya chuo ameshayajua. Barua huja usiku, ikikusalimu kwa jina la profesa mtukufu ingawa wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ikisifu makala yako ya magonjwa ya meno ambayo hukuiandika, na kuahidi kuchapisha kazi yako ya saratani ndani ya siku tano ukilipa dola mia kadhaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jeffrey Beall, mkutubi mwenzangu wa Colorado, aliwahi kuyaorodhesha hadharani kabla ya orodha yake kuondolewa mtandaoni mwaka 2017. Angalizo langu ni moja tu: usichanganye jarida la kitapeli na jarida dogo. East African Medical Journal limekuwapo tangu miaka ya 1920, na yamo humo maelezo ya saratani za kwetu ambayo huyapati kwingine. Makala nyingi za Kiafrika zinapatikana kupitia African Journals Online na hazionekani katika hifadhidata kubwa. Mtafiti aliyechapisha humo ili daktari wa Voi au Malindi aweze kusoma bila kulipa amefanya uamuzi ninaouheshimu, na ni wajibu wa anayetathmini kuzitafuta makala hizo, si kungojea zijitokeze.

Kwa jamaa za wagonjwa nina neno tofauti kidogo. Mzee mmoja wa Kisauni alinijia na karatasi aliyochapishiwa saiba, yenye orodha ya makala za daktari wa nje ambaye mwanawe alitaka kumpeleka mama yao. "Mwanangu," aliniambia, "nimeziona ni nyingi, lakini sijui kama zamhusu mke wangu." Hilo ndilo swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na kamati yoyote. Tulizipitia pamoja. Nyingi zilikuwa za saratani ya damu na za panya wa maabara. Bibi alikuwa na saratani ya umio. Daktari yule alikuwa mkubwa kweli katika fani yake, na pengine hakuwahi kumtibu mgonjwa wa umio tangu alipokuwa mwanafunzi. Rekodi ya machapisho haipimi mkono wa mpasuaji wala subira ya daktari kitandani. Inaweza kukuonyesha kama mtu anashughulika na ugonjwa ulio nao wewe, kama anashiriki majaribio yanayoendelea sasa, na kama kampuni ya dawa anayoisifu ndiyo inayomlipa, jambo ambalo huandikwa mwishoni mwa makala chini ya maelezo ya maslahi. Nilimshauri mzee aanze na daktari wa saratani wa hapa hapa Makadara, akiwa na majibu ya patholojia mkononi, amwombe amwandikie maswali mahususi ya kumpelekea bingwa huyo au mwingine anayefaa. Barua ya daktari kwa daktari hujibiwa.

Na wewe kijana unayetafuta msimamizi, ukishamaliza yote hayo, chukua makala za mtu huyo za miaka minane iliyopita, andika majina ya waliokuwa wanafunzi wake, yaani wale waliotajwa kwanza naye akatajwa mwisho, kisha utafute waliko sasa. Wako wanaoendelea kuandika kwa majina yao wenyewe? Walirudi makwao, au wote wamebaki katika maabara ile ile wakimfanyia kazi? Ilichukua muda gani tangu kuandikishwa hadi makala ya kwanza kutoka? Waandikie wawili au watatu barua pepe fupi ya heshima, ueleze wewe ni nani na unataka kusoma nini, na uwaulize mambo mawili tu: kama msimamizi alizisoma rasimu zao, na nani aliamua mpangilio wa majina. Wengi hujibu haraka, na baadhi huomba wapigiwe simu badala ya kuandika; wanaoomba simu wasikilize kwa makini zaidi. Ikiwa umeandika katikati ya Ramadhani kwa mtu wa Zanzibar au Lamu na hujajibiwa, ngoja Idi ipite ndipo umwandikie tena.